Bei ya Kidonge, Bei ya Mwezi

Asalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Amu, kisiwa chetu cha Lamu. Nyinyi mliovuka maji kutoka Pate, Faza na Mokowe, na nyinyi mliokuja kwa miguu kutoka Shela, ahsanteni kwa kufika. Saa hizi baada ya alasiri ni saa za barazani, najua, na kumtoa mtu barazani si kazi ndogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya dawa ya damu. Hapa kwetu dawa ya damu ni nyingi: ipo ya kuongeza damu, ipo ya presha, ipo ile inayouzwa chupani ya kusafisha damu, ambayo hiyo sina neno nayo leo. Ninayoizungumza ni dawa inayozuia damu isigande ndani ya mishipa. Wengi mnaiita dawa ya kuyeyusha damu. Jina hilo limeshazoeleka, sitagombana nalo, lakini haiyeyushi. Damu yako inabaki na uzito wake ule ule, ila inachukua muda mrefu zaidi kuganda. Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio huandikiwa dawa hii, na aliyepata donge la damu mguuni au mapafuni, na aliyewekewa vali ya chuma, yaani mlango wa damu, kwenye moyo.

Baba yangu amekaa pale mbele, na ameniruhusu nimtaje. Wengi mnamjua, ni fundi wa majahazi. Miaka kadhaa nyuma moyo wake ulianza kwenda mbio, ukituama, ukiruka. Moyo ukiwa hivyo, chumba chake cha juu hutetemeka badala ya kukamua, damu inatuama pembeni kama maji ya mvua kwenye kona ya ua, na damu iliyotuama huganda. Donge hilo likichomoka likapanda kichwani, ndiyo kiharusi. Daktari wake alilijua hilo, akamwandikia kidonge kimoja kila siku, miligramu 20, akaandika kwenye cheti jina la kiwanda. Baba akaenda duka la kwanza aliloliona, mji mwingine si hapa, akataja jina lililoandikwa, akauziwa hilo hilo. Aliyeuza hakumwambia kwamba dawa ile ile ilikuwapo rafuni kwa bei ya chini. Baba naye hakuuliza, maana mtu wa makamo yake haoni vizuri kusimama mbele ya kijana na kusema bei imemshinda.

Mwezi wa kwanza alinunua. Wa pili alinunua. Wa tatu akaanza kumeza leo na kuacha kesho, ili kibokisi cha mwezi kimfikishe miezi miwili. Hakumwambia mtu. Mimi bintiye ni mfamasia, nilikuwa Malindi, nauza dawa hizo hizo kwa watu wengine kila siku, na nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa nikimuuliza, “Baba, dawa unakunywa?” Akinijibu, “Nakunywa.” Alisema kweli. Sikumuuliza, “Kila siku?”

Dawa ile haikai mwilini. Ukiimeza jioni ya leo, kufikia jioni ya kesho nguvu yake imeshakwisha. Siku aliyoacha kumeza hakuwa na nusu ya kinga, hakuwa na kinga yoyote. Asubuhi moja mkono wake wa kulia haukushika kikombe. Alhamdulillahi yuko hai, anatembea, anasema. Tezo hashiki tena.

Kwa hiyo nikiwasikia watu wanasema wagonjwa wetu ni wakaidi wa dawa, naumia. Baba yangu hakuwa mkaidi. Alipiga hesabu kwa namba alizokuwa nazo, na hakuna aliyempa namba nyingine. Leo nimekuja kuzitoa hizo namba nyingine.

Kila dawa ina majina mawili. Chukua kibokisi chako ukitazame. Jina kubwa la rangi ni la kiwanda. Lile dogo chini yake, ambalo hakuna anayelisoma, ndilo jina la dawa yenyewe, na hilo ni moja Amu, Nairobi na London. Xarelto ni jina la kampuni ya Bayer; dawa iliyomo inaitwa rivaroksabani. Eliquis ni jina la Bristol Myers Squibb na Pfizer. Iliyomo ni apiksabani. Aliyevumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa, na akiwa peke yake sokoni bei huipanga yeye. Hataza ikimalizika, viwanda vingine vinaingia. Huko India ya rivaroksabani ilimalizika mwaka 2020, na ya apiksabani 2022. Ndiyo maana siku hizi ukiingia duka la dawa utakuta dawa hiyo hiyo katika vibokisi vya viwanda vingi, na bei zinapishana mno. Tunaziita jeneriki. Hapa Kenya jeneriki haiuzwi kihalali mpaka Bodi ya Famasia na Sumu iisajili. Ukitaka mkate wa mofa unataka mofa. Hata akiuoka bibi huyu au bibi yule, ni mofa.

Kwa hiyo unapokwenda kwa daktari, mwombe kwa adabu: “Daktari, niandikie jina la dawa.” Na dukani sema, “Nataka rivaroksabani ya miligramu 20, vidonge 30. Mnazo za viwanda vingapi, na kila kimoja bei gani?” Kuuliza si ujinga, na duka la dawa si mskitini kwamba utashusha sauti.

Jamaa zetu walioko Marekani wanawatumia picha za kuponi za dawa kwenye WhatsApp, nanyi mnaniletea simu mkiniuliza kama zinafaa. Hazifai hapa. Kuponi zile ni za maduka ya huko. Ila lipo jambo la huko linalostahili kujulikana. Serikali yao, kwa niaba ya bima ya wazee inayoitwa Medicare, ilikaa na viwanda ikajadiliana bei. Kuanzia Januari 2026 Xarelto ya siku 30 ikashuka kutoka dola 517 hadi 197, na Eliquis kutoka dola 521 hadi 231. Kidonge hakikubadilika hata chembe. Kwa hiyo msimsadiki anayewaambia kwamba dawa ya moyo ni ghali kwa sababu kuitengeneza ni ghali, basi, habari imekwisha. Bei inategemea nani ameketi mezani na nani amejua kuuliza.

Sasa nije kwa warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu isigande, maana hii ndiyo ya wengi wenu, na ndiyo inayosemwa vibaya mitaani. Mama mmoja aliniambia usoni, “Mwanangu, hiyo si sumu ya panya?” Ni kweli, iliwahi kuwa, na sitaficha. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza ya mmea fulani wa malisho. Mwanasayansi Karl Paul Link wa Wisconsin na wenzake wakaitafuta sababu, wakaipata, na kutokana na kazi hiyo ikatoka warfarini. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Panya hula bila kipimo, nawe unapewa miligramu chache huku damu yako ikipimwa. Tofauti iko kwenye kipimo. Ni dawa ya miaka mingi, hataza yake ilikwisha zamani, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na vidonge vyake ni rahisi kuliko vyote nilivyovitaja.

Kuna watu ambao warfarini ndiyo dawa yao hata kama wana pesa za kununua zile mpya. Aliyewekewa vali ya chuma asiguse rivaroksabani wala ndugu zake. Dabigatrani, mmoja wa ndugu hao, ilijaribiwa kwa watu wa vali za chuma, jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliotumia walipata madonge na kuvuja damu zaidi. Na wapo wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, ile inayoanza na koo kuuma, mtoto akaachwa bila dawa. Ugonjwa huu tunao sana huku kwetu. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wenye ugonjwa huo na moyo unaopiga ovyo. Waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Dawa ya zamani na ya bei nafuu ilishinda. Ukiwa mmoja wa hao, usiuze ng'ombe wala kiwanja kununua ya ghali. Na mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme kwa daktari mapema, kabla ya mimba, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ziko sindano za badala.

Mtaniuliza basi, ikiwa warfarini ni rahisi, kwa nini sote tusiitumie? Hapo ndipo Amu ilipo tofauti na Nairobi.

Warfarini haitaki kidonge tu, inataka kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu inaganda. Kikipanda sana, unavuja. Mwanzoni unapimwa kila wiki au zaidi ya hapo, ukitulia ni kila mwezi au baada ya wiki kadhaa. Sasa nipigieni hesabu, na hizi namba ni za kufundishia tu, si bei za duka lolote. Tuseme warfarini ya mwezi ni shilingi 300. INR ni shilingi 1,000. Na ikiwa unapimiwa Mombasa: boti mpaka Mokowe, basi kwenda na kurudi, chakula, pengine na mtu wa kukusindikiza, tuseme 4,000. Jumla ni 5,300. Upande wa pili rivaroksabani ya jeneriki, tuseme 4,000 kwa mwezi, bila INR. Kidonge cha rahisi kimekuwa ghali. Lakini kipimo hicho hicho ukikipata hapa hapa kisiwani, au upande wa pili Mokowe, warfarini inarudi kuwa 1,300 na nauli kidogo, nayo inashinda kwa mbali.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuulizia bei ya kidonge ni hili: INR nitapimiwa wapi? Anzeni na hospitali ya King Fahd, halafu maabara za mji, halafu Malindi, kabla ya kupanda basi la Mombasa. Iko pia mashine ndogo inayopima kwa tone la damu ya kidole. Familia moja haiwezi kuinunua kirahisi, lakini kina mama hapa mna vyama vya kununuliana sufuria na viti vya harusi. Wagonjwa kumi wa mtaa mmoja wakiwa na mashine moja na muuguzi wa kuwasomea, kila mmoja atalipia kijikaratasi chake cha kupimia na safari itabaki kuwa ya dharura. Nalisema hili nikiwa na nia nalo. Atakayependa tulianzishe, anione.

Hata hizo dawa mpya zina gharama yake ya pembeni. Zinatoka mwilini kupitia figo kwa kiasi tofauti, dabigatrani zaidi ya zote, kwa hiyo figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa wazee zaidi. Kipimo hicho kiingizeni kwenye hesabu.

Mkishajua dawa ni ipi, ulizeni bei kwa simu. Pigeni maduka matatu au manne, ya hapa, ya Malindi, ya Mombasa. Semeni jina la dawa, nguvu yake, na idadi. Kisha mgawanye bei kwa idadi ya vidonge, maana kibokisi kimoja kina 28, kingine 30, kingine 10, na jicho linadanganyika. Ulizeni na nguvu nyingine: mara nyingine vidonge viwili vya miligramu 10 ni ghali kuliko kimoja cha 20, mara nyingine ni kinyume, na mfamasia ndiye wa kukuambia kama inafaa kuvitumia hivyo. Ulizeni famasi ya hospitali ya serikali kwanza, hata kama mara ya mwisho mliambiwa haipo. Na duka mlilolizoea hapa mjini mwambieni mwenyewe: sisi ni sita, tunatumia dawa hii kila mwezi, hatukosi. Mwenye duka anayejua dawa yake haitaozea rafuni anaweza kuagiza nyingi na kupunguza. Nimekaa nyuma ya kaunta, najua hesabu ya mwenye duka pia. Dawa inayonunuliwa na mtu mmoja kwa miezi mitatu huwekewa bei ya hofu.

Habari ya bima, waliojiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize hospitalini dawa yao na kipimo chao kinaingia wapi. Ulizeni kabla ya kulipa, si baada.

Kuna bei za chini ambazo ni za kukimbia. Vidonge vinavyouzwa kwenye simu na mtu asiye na duka, vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake bila tarehe wala nambari ya toleo, vidonge alivyobakisha marehemu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja katika kila kumi ni bandia au haijafikia ubora. Dawa bandia ya maumivu utaijua, kwa kuwa utaendelea kuumwa. Dawa hii ikiwa bandia hutahisi kitu mpaka siku ya kiharusi. Tazameni leseni ukutani, tazameni tarehe, chukueni risiti.

Mkibadilisha kiwanda cha warfarini kwa sababu ya bei, hakuna ubaya, lakini mjulisheni daktari na mpime INR mapema. Na msifuate rangi. Rangi ya kidonge cha miligramu 5 cha kiwanda kimoja si lazima iwe ya kingine. Nimemwona mtu aliyekuwa anameza mara mbili ya kipimo chake kwa kuwa alifuata rangi. Wekeni daftari: tarehe, INR, vidonge, bei. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na damu ni mali.

Dabigatrani isitolewe kwenye chombo chake kuwekwa kwenye kikopo kingine. Inaharibika kwa unyevu, na hewa yetu ya bahari mnaijua inavyofanya hata chumvi.

Nije kwa mambo ya nyumbani, yasiyo na bei lakini yanayoharibu iliyolipiwa. Mchicha, kisamvu, sukuma wiki si haramu kwa mtumiaji wa warfarini. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki. Ukila kisamvu kila siku mwezi huu na mwezi ujao usiguse, INR itayumba. Vidonge vya maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, msinunue bila kumwambia mwuzaji kwamba mnatumia dawa ya damu. Nazisema kwa sababu mafundi na wavuvi wetu wanazimeza kama njugu kwa ajili ya mgongo. Na hijama: nawaheshimu wanaoifanya, na najua ni sunna kwa wengi wenu, lakini mtu aliye kwenye dawa hii akichanjwa ngozi damu inaweza kukataa kusimama. Zungumzeni na daktari kwanza, na mwambieni anayewaumika.

Ramadhani inapokaribia nipigieni simu mapema, msisubiri siku ya kwanza. Rivaroksabani ya miligramu 15 na ya 20 humezwa pamoja na chakula, vinginevyo mwili hauichukui sawasawa. Inakaa vizuri kwenye futari. Apiksabani ni mara mbili kwa siku, futari na daku. Anayeimeza daku bila kuamka vizuri, halafu akaisahau ya futari, analipia dawa asiyoipata.

Na vichochoro vyetu, jamani. Punda mwenye mizigo akikubana ukutani ukagonga kichwa, hata kama umeinuka unacheka, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme dawa unayotumia. Damu ya ndani ya kichwa haina haraka ya kujionyesha. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizoacha kutoka damu, hivyo navyo si vya kusubiri kesho.

Mwisho niseme na watoto wa wagonjwa, maana kosa langu ni lenu msipojihadhari. Msiulize, “Dawa unakunywa?” Hesabuni vidonge. Kibokisi kilinunuliwa tarehe ngapi, vimebaki vingapi? Ikiwa vimebaki zaidi ya inavyopaswa, msimgombeze mzee. Mwulizeni bei.

Mimi na mwenzangu tutakaa kwenye ile meza ya mlangoni mpaka adhana ya magharibi. Njooni na vibokisi hata vitupu, na cheti cha daktari, na risiti kama ipo. Tutawaandikia kwa herufi kubwa jina la dawa, nguvu yake na idadi ya mwezi mzima, ili kesho asubuhi mpige simu madukani mkiwa na karatasi mkononi. Cha baba kiko mezani tayari. Anayefuata?